Ameruhusiwa Kutoka na Saa Moja

Haya nitakayoyasimulia ni ya kweli, yote, na sikutia hata punje ya chumvi. Nimeyapata kwa watu waliokuwepo, nikawauliza mara mbili mbili, na pale walipopishana nilimwamini yule asiyependa kusifiwa. Asiyetaka kuamini aweke karatasi hizi chini sasa hivi, akafanye shughuli nyingine, tusije tukatafutana ubaya.

Jumatatu hiyo, saa tisa mchana, mtangazaji wa taarifa ya habari ya asubuhi alikuwa amesimama mbele ya dirisha la stoo ya kituo cha redio, akirudisha mali ya watu. Alirudisha kitambulisho, ufunguo wa kabati, hedifoni zilizofungwa kwa plasta, na mwavuli wenye nembo ya kituo ambao haukuwahi kufunguka hata siku moja. Watu walimwita Bi Kamili. Jina hilo alilipata hewani. Kwa miaka ishirini na miwili alifungua taarifa kwa maneno yale yale, "Ni saa moja kamili," na hilo neno la mwisho alilikalia kwa uzito, kama mtu anayekalia sanduku ili lifunge. Akishasema kamili, waliokuwa kitandani walitoka kitandani, na waliokuwa bafuni walijua wamechelewa.

Sasa alikuwa amepigwa kalamu. Uchumi ulianza kukohoa mwaka mmoja nyuma, na redio ilikuwa ya kwanza kuambukizwa. Wenye magodoro waliacha kutangaza magodoro, maana watu walikuwa wameamua kulalia ya zamani. Wakafuata wenye rangi za nyumba, kisha wenye simu. Ikabaki sabuni peke yake, iliyotangazwa kabla na baada ya taarifa ya saa moja. Kituoni sukari iliondoka kwanza, ikafuata chai, mwisho wakaja kuchukua vikombe. Waandishi watatu walitumia kinasa sauti kimoja, wakawa wanatembea wameshikamana kama mapacha. Fundi mitambo, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza mtambo wa kurushia matangazo, aliongezewa kazi ya kusoma hali ya hewa. Alikuwa na kigugumizi, kwa hiyo mara nyingi mvua ilianza kunyesha kabla hajamaliza kuitaja.

Halafu orodha ikabandikwa ukutani. Ilikuwa na watu kumi na wawili. Chini kabisa palikuwa na saini ya Meneja wa Kujipanga Upya, cheo kilichozaliwa wiki ile ile, na aliyekipata alikuwa shemeji wa mkurugenzi. Kituo kizima kilimwita Shemeji, hata wale wasiokuwa na udugu naye wa karibu wala wa mbali.

Karani wa stoo naye alikuwa kwenye orodha. Aliagizwa awatoe wenzake kumi na mmoja, kisha ajitoe mwenyewe na kurudisha ufunguo wa stoo kwa kuupenyeza chini ya mlango.

"Kuna kitu unataka kuondoka nacho, dada?" akamwuliza Bi Kamili.

"Ile saa ya studio."

"Ile ya kioo kilichopasuka?"

"Hiyo hiyo. Imenitazama usoni miaka ishirini na miwili. Nikiiacha humu wataitupa."

"Chukua. Vitabuni ilishakufa zamani, ni wewe tu hukupata habari."

Zamani kituo kilikuwa na fomu maalumu ya mtu anayetoka na kitu. Ilikuwa na safu mbili, moja ya kifaa na nyingine ya idadi, na idadi iliandikwa kwa maneno ili mtu asije akaongeza sifuri njiani. Lakini fomu zilikwisha miezi mitatu nyuma, na kuchapisha nyingine kulikatazwa kwa sababu ya hali ya uchumi. Kwa hiyo karani alichukua ratiba ya vipindi vya mwaka uliopita, akaigeuza, akaandika mgongoni kwa mstari mmoja usiokuwa na safu: "Bi Kamili ameruhusiwa kutoka na saa moja, iwe mali yake daima." Akaipeleka kwa Shemeji. Shemeji alitia saini bila kusoma, kwa kuwa alikuwa akisaini tangu asubuhi na mkono ulikuwa umeshashika kasi. Muhuri ukagongwa.

Getini palikuwa na mlinzi mpenda utani. Siku ile alikuwa na huzuni, kwa hiyo alitania zaidi.

"Saa moja," akasoma kwa sauti. "Ya asubuhi au ya jioni, mama?"

"Ya asubuhi, kaka," akasema Bi Kamili. "Ya jioni ina mwenyewe."

Mlinzi akacheka, akafungua daftari lake la geti, akaandika: saa moja, ya asubuhi, imetoka. Akampigia saluti, jambo ambalo hakuwa akimfanyia mtu yeyote isipokuwa mkurugenzi.

Kesho yake mji ulifika saa kumi na mbili na dakika hamsini na tisa asubuhi, kisha ukaingia saa mbili.

Hakuna aliyepiga kelele. Jua liliruka kidogo, kama gari linalopita juu ya tuta, likaendelea na safari yake. Wafanyakazi walifika kazini wamechelewa, wakakaripiwa na wakubwa ambao nao walikuwa wamechelewa. Shuleni mwalimu wa zamu aligonga kengele ya kuingia na ya kipindi cha kwanza kwa pigo moja. Baada ya siku tatu watu walikubaliana kwamba siku sasa haina saa ya kwanza, inaanzia ya pili, na wakaanza kuoga jioni.

Kituoni hali ilikuwa ngumu zaidi. Shemeji alikuwa amejipanga. Alichukua kanda ya zamani yenye sauti ya Bi Kamili ikisema "Ni saa moja kamili," akaagiza irushwe kila asubuhi, kwa sababu kanda haiugui wala haiombi likizo. Kanda ilipobonyezwa, saa za ukutani zote zilionyesha saa mbili. Wasikilizaji walipiga simu kulalamika kwamba redio imeanza kusema uongo waziwazi. Wenye sabuni waliandika barua fupi yenye adabu. Walisema tangazo lao ni la saa moja, na kwa kuwa saa moja haipo, watasubiri ikirudi.

Saa moja yenyewe ilikuwa nyumbani kwa Bi Kamili, vyumba viwili na jiko, alikokuwa akiishi na mama yake mzazi. Aliitundika ile saa iliyopasuka kioo juu ya meza ya kulia, na asubuhi ile ya kwanza ilipofika saa moja, ndani ya nyumba ile ilikuwa saa moja kweli. Nje haikuwa saa yoyote. Dirishani baiskeli ya muuza maziwa ilikuwa imesimama bila kuegemea kitu, na mwenyewe yuko juu yake, na tone la maziwa linaning'inia chini ya kopo.

"Umeleta nini humu ndani, wewe?" akauliza mama yake.

"Saa, mama."

"Saa gani?"

"Saa moja."

"Si ya kituo hiyo?"

"Ilikuwa ya kituo. Nina karatasi."

Mama yake aliishika karatasi mbali na macho, akaisoma yote mpaka mwisho. "Ina muhuri," akasema. "Basi funga mlango, isije ikatoka."

Wa kwanza kuja alikuwa karani wa stoo, kuomba radhi kwa kutoandika "ya ukutani." Alifika saa kumi na mbili na nusu, akajikuta amebaki mle ndani saa nzima ambayo wenzake mjini hawakuipata, akalala usingizi mzuri kwenye kiti. Siku ya pili alimleta fundi mitambo, naye wa kwenye orodha.

Fundi alitazama dirishani, akamtazama muuza maziwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sa-sa-sasa humu tu-tunafanya nini? Tunata-tazamana?"

"Wewe ulitaka tufanye nini?" akauliza Bi Kamili.

"Ta-taarifa," akasema fundi.

Karani wa stoo alikumbuka kwamba naye, siku ya kuondoka, alijiandikia karatasi. Alikuwa ameruhusiwa kutoka na mtambo mbovu. Fundi aliufungua juu ya meza ya kulia, akatumia waya wa pasi, betri ya pikipiki na kijiko cha mama yake Bi Kamili, ambacho hakikurudi tena jikoni. Waya wa kuanikia nguo ukawa mnara. Ndani ya wiki moja wale kumi na wawili wote walikuwa wakifika kabla ya saa kumi na mbili na nusu, waandishi watatu bado wameshikamana, na ilipotimu saa moja Bi Kamili alisogeza kinywa kwenye kipaza sauti, akasema, "Ni saa moja kamili."

Alianza na orodha. Alisoma kila aliyepunguzwa kituoni, jina na kazi aliyoifanya na miaka aliyoifanya, taratibu, kama asomavyo matokeo ya uchaguzi. Kisha akasoma jina la aliyesaini, cheo chake, na udugu wake na mkurugenzi. Halafu ndipo zikafuata habari nyingine: bei ya mafuta ya taa, barabara iliyofungwa, hali ya hewa. Fundi alisoma hali ya hewa bila haraka. Humo ndani mvua ilikuwa haina pa kumtangulia.

Kwa hesabu ya kawaida hakuna aliyeweza kuwasikia, kwa kuwa mjini saa hiyo haikuwepo. Lakini saa mbili ilipoingia, watu walijikuta wanajua. Hawakukumbuka kusikia chochote. Mama mmoja akiwa kwenye foleni ya maji alimwambia jirani yake kwamba barabara ya chini imefungwa, na jirani akasema, "Najua, na yule karani alikaa stoo miaka kumi na tisa, maskini." Wote wawili wakasogea mbele na ndoo zao.

Jumatano ya wiki ya tatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, mkurugenzi alibisha hodi akiwa na Shemeji nyuma yake. Mama yake Bi Kamili ndiye aliyefungua.

"Karibuni. Vueni viatu, humu ni studio."

Wakavua. Soksi ya Shemeji ilikuwa na tundu, lakini hakuna aliyemcheka. Wale wengine kumi na mmoja walikuwa wamekaa kuzunguka meza, kitandani na juu ya ndoo zilizopinduliwa.

"Bi Kamili," akaanza mkurugenzi, "nimekuja tuongee kama ndugu."

"Ndugu yako umekuja naye," akasema mama kutoka jikoni.

Mkurugenzi akajifanya hakusikia. "Kuna kitu cha kituo kimefika huku kwa bahati mbaya."

"Kimefika kwa karatasi, bosi," akasema Bi Kamili, akaiweka mezani.

Shemeji aliisoma kwa mara ya kwanza. Alisoma polepole, midomo ikicheza, na alipofika kwenye saini yake aliitambua.

"Hapa tulikusudia saa ya ukutani," akasema.

"Ya ukutani ile pale. Itoe msumarini uende nayo. Iliyoandikwa itabaki."

Shemeji aliitazama ile saa yenye kioo kilichopasuka, akaamua kuiacha. Akasema ipo sheria. Hairuhusiwi kurusha matangazo bila kibali saa yoyote ya siku.

"Ya siku ipi?" akauliza karani wa stoo. "Siku yenu inaanza saa mbili. Sisi tumeshamaliza saa hizo, tunaosha vikombe."

Mkurugenzi aliinua mkono, wakanyamaza, kwa mazoea tu. Alivuta kiti karibu na Bi Kamili. "Sikiliza, dada yangu. Rudi kazini. Kesho. Studio ile ile, kiti kile kile. Na chai nitairudisha, nakuahidi. Wewe njoo na saa yako."

"Na wenzangu hawa?"

"Hali ya uchumi, Bi Kamili. Unaijua. Umeisoma mwenyewe hewani."

"Na Shemeji? Yeye hali yake ya uchumi ikoje?"

Shemeji akatazama soksi yake.

"Wewe peke yako," akasema mkurugenzi. "Nimebana mpaka mwisho, nafasi iliyobaki ni moja. Usipoichukua nitaifuta."

Bi Kamili hakuwa jiwe. Tangu amwage unga, bati la unga lenyewe lilikuwa limefika pa kukwangua, na kila asubuhi alikuwa akimsikia mama yake jikoni akikata kidonge cha presha katikati kwa kisu, tak, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Aliikumbuka studio na mlango wake mzito, na ile taa nyekundu inayowaka juu ya mlango kuwaambia watu wote duniani wanyamaze, yeye anasema. Aliitaka. Akageuka kumtazama mama yake.

"Usinitazame mimi," akasema mama. "Mimi nusu kidonge kinanitosha. Mwenyewe nimeshakuwa nusu."

Fundi mitambo alikuwa ameinamisha kichwa, anakaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Nilitolewa kwa orodha ya watu kumi na wawili," akasema Bi Kamili. "Nitarudi kwa orodha ya watu kumi na wawili. Chini ya hapo, mwambie kanda yako iendelee."

Mkurugenzi alifungua mdomo kumjibu, na hapo hapo ikawa saa moja. Muuza maziwa akasimama dirishani. Fundi akabonyeza, Bi Kamili akasogeza kipaza sauti katikati ya meza.

"Ni saa moja kamili. Studioni leo tunaye mkurugenzi wa kituo. Mkurugenzi, karibu. Wafanyakazi uliowapunguza, unao mpango wa kuwarudisha?"

Mkurugenzi alikuwa mtu wa redio tangu ujanani, na mtu wa redio akiwekewa kipaza sauti mbele yake hawezi kunyamaza, hata nyumba ikiungua. Akasafisha koo.

"Sina mpango wa kumrudisha mtu yeyote," akasema kwa sauti nzuri.

"Na kile cheo kipya, kililetwa na nini?"

Alitafuta jibu alilozoea kulitoa kwenye mikutano. Hakulipata. Lilikuwa limebaki nje, upande wa muuza maziwa. "Dada yake angeninunia," akasema.

"Ahsante. Sasa orodha."

Wakakaa saa nzima, maana mlango ulikuwa haufungukii kokote. Walisikiliza majina yote kumi na mawili na miaka yote. Mama aliwapa maji ya kunywa. Saa mbili ilipoingia, wakavaa viatu vyao, wakaaga vizuri, wakatoka. Muuza maziwa alishuka kwenye baiskeli kuwapisha.

"Habari za asubuhi, mkurugenzi," akasema. "Pole na dada yake."

Mji mzima ulikuwa unajua. Hasira ikawaka kama nyasi kavu. Watu walizima redio zao siku hiyo hiyo, wakazirudisha kwenye maboksi, na kituo kikabaki kinajisemea chenyewe. Ijumaa mkurugenzi alipiga magoti. Wale kumi na wawili waliitwa wote, wakapita getini kwa matarumbeta, mlinzi akiwapigia saluti mmoja mmoja, sukari mezani, vikombe vipya, na Shemeji akapewa kazi ya kupeperusha vumbi kwenye kanda za zamani. Bi Kamili akakaa kwenye kiti chake, taa nyekundu ikawaka, na saa moja ikarudi kwa wote.

Hapo fundi mitambo, ambaye amekuwa akizisoma karatasi hizi moja moja kadiri ninavyozimaliza, ameweka miwani mezani.

"Mu-muuza maziwa kweli," ameniambia. "Ki-kijiko kweli. Ma-matarumbeta ya-yametoka wapi?"

Nimemwambia watu watapenda hadithi iishe vizuri. Amesema yeye mwenyewe angependa, na alikuwepo. Halafu amenirudishia kalamu, na kwa kigugumizi chake imemchukua muda mrefu kuniambia adhabu yangu: nilipe pale pale nilipokopa uongo, kwa mkono wangu, bila kufuta niliyoyaandika, ili ionekane niliteleza wapi.

Basi nalipa. Hakuna aliyepiga magoti. Watu walijua, wakasema "tunajua," wakaenda kazini, wale waliokuwa bado na kazi. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa. Shemeji ameongezewa ofisi. Taarifa ya kituo sasa inasomwa saa mbili na kanda iliyoungwa vipande vipande, na wenye sabuni wameizoea saa mbili, wamerudi. Nafasi ile moja ilifutwa, kama ilivyoahidiwa. Fundi anatengeneza pasi za watu chini ya ngazi za jengo fulani. Karani anauza stempu zisizonunuliwa. Bi Kamili anafundisha watoto wa jirani kusoma kwa sauti, na kidonge bado kinakatwa katikati.

Lakini kila asubuhi, saa moja, wapo. Na hawapo peke yao tena. Alianza kuja msichana aliyepunguzwa benki, na jina lake kwenye kikaratasi. Akafuata dereva wa kiwanda cha soda, wapishi wawili wa hoteli, kisha karakana nzima ya uchapaji. Hawaingii wote ndani, wanapenyeza vikaratasi chini ya mlango kabla ya wakati. Bi Kamili anasoma kila mmoja, jina na kazi na miaka, na mjini watu wanaamkia saa mbili wakiwa wanawajua.

Juzi orodha ilimeza bei ya mafuta ya taa. Jana ilimeza hali ya hewa, na saa mbili iliingia wakati bado vipo vikaratasi mezani. Fundi alimnong'oneza Bi Kamili kwamba labda wapunguze majina kidogo, ili kipindi kitoshe.

Bi Kamili alivipanga vile vilivyobaki, akavigonga mezani vikalingana, akaviweka juu ya vya kesho.

"Humu," akasema, "hapunguzwi mtu."